Roketi Iondokayo Kanazi

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo nawapa hadithi ya kweli, na mkitaka mtaimalizia wenyewe. Ni habari ya kwenda anga za juu kutokea hapa hapa Kanazi, Bukoba, kwa kompyuta ya kawaida na programu ambayo mwenyewe hadai hata shilingi.

Programu hiyo, ya kuigiza urukaji wa vyombo vya anga, inaitwa Orbiter. Aliiandika Martin Schweiger, mwanasayansi wa University College London, akaitoa mara ya kwanza mwaka 2000. Mwaka 2021 akafungua hata maandishi yake ya ndani, ili anayetaka aone ilivyotengenezwa na aiendeleze. Katika Orbiter hakuna maadui wa kupigwa risasi. Kuna wewe, chombo chako na mvuto wa dunia, na mvuto haukuonei huruma ukikosea hesabu.

Kabla ya kuruka, elewa kwanza kwa nini kilicho juu hakianguki. Simama karibu na jumba la zamani la mfalme wetu, Omukama Kahigi, urushe jiwe upande wa Ziwa Victoria. Litaanguka karibu. Ongeza nguvu, litaanguka mbali zaidi. Sasa sikia maajabu yenyewe: kitu kikiachiwa, katika sekunde ya kwanza huanguka kama mita 5. Na dunia, kwa kuwa ni mviringo, uso wake huinama mita 5 kwa kila kilomita 8 hivi. Basi jiwe likienda kilomita 8 kwa sekunde, bila hewa ya kulizuia, linaanguka huku ardhi nayo inalikimbia anguko lake. Halifiki chini kamwe. Hiyo ndiyo obiti. Kwa mwendo huo, Bukoba hadi Dar es Salaam ni dakika mbili na kidogo.

Orbiter inakuja na vyombo vichache. Utajiri wake mkubwa ni nyongeza zinazotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali na kugawiwa bure: roketi, vituo, viwanja vya kurushia, sayari zilizopambwa upya. Ninayoiheshimu kuliko zote inaitwa NASSP, inayoleta vyombo vya Apollo vya kwenda mwezini. Walioitengeneza hawakuchora tu picha ya kompyuta ya chombo kile. Wameweka programu zenyewe zilizotumika safarini, zilizohifadhiwa na kufufuliwa na wapenzi wa historia hiyo. Ukibonyeza vitufe, kinachokujibu ni maagizo yaliyowashusha Armstrong na Aldrin mwezini Julai 1969. Fikirieni mtoto wa Kanazi akiongea na kompyuta hiyo! Lakini msianze nayo. Ni ngumu, ina orodha ndefu za hatua, na inataka subira ya mtu mzima. Anzeni na Delta-Glider, chombo chenye mabawa kinachokuja na programu yenyewe.

Nyongeza huja kama faili lililobanwa. Unalifungua ndani ya folda ya Orbiter, kila kitu kinakaa mahali pake. Intaneti ikiwa ghali, mmoja apakue, wengine wachukue kwa flashi. Matoleo ya zamani, kama la 2010, hayahitaji kompyuta yenye nguvu sana.

Na nyongeza ya kwanza mtaitengeneza ninyi, yaani uwanja wa kurushia wa Kanazi. Uwanja ni faili la maandishi tu, lenye namba mbili za mahali. Inaanza longitudo, kisha latitudo: +31.8 na -1.5, maana tuko mashariki mwa longitudo sifuri na kusini kidogo mwa ikweta. Ukisahau alama ya kutoa, utajikuta Uganda, maeneo ya Masindi. Ukizigeuza namba, utaamkia jangwani Algeria.

Hapo ndipo mtagundua kwamba sisi tuna bahati. Dunia inazunguka, na kwenye ikweta inambeba kila mtu kuelekea mashariki kwa mita 465 hivi kila sekunde. Roketi ya Kanazi inaanza na zawadi hiyo karibu yote. Ya Florida inapata kama mita 408, na ya Baikonur kule Kazakhstan kama 323. Jaribuni kuruka toka kila mahali, mkaangalie mafuta yaliyobaki.

Waitaliano waliijua siri hii zamani. Walisimamisha jukwaa baharini karibu na Malindi, Kenya, wakaliita San Marco. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa ziliondoka pale. Iliyo maarufu zaidi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na Marjorie Townsend wa NASA akaipa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani tu, na ilionesha vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya sayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa nini Malindi? Njia ya juu ya ikweta iliiepusha Uhuru na mionzi mikali inayovuruga vipimo.

Mtaniuliza, basi kwa nini roketi ya kweli isiruke toka Kanazi? Kwa sababu roketi huacha vipande njiani. Kwetu, ukielekea mashariki unavuka ziwa, halafu unapita juu ya Nairobi na Machakos, kwenye watu. Malindi vipande viliangukia baharini. Katika Orbiter tunaruka bila kumwumiza mtu yeyote.

Kurudi nako kuna somo. Space Shuttle ya NASA ikirudi toka angani, pua yake ilifikia nyuzi 1,600 na zaidi za Selsiasi. Kwa hiyo shukeni kwa mteremko mdogo, pua juu.

Mkishazoea, kifuateni Kituo cha Anga cha Kimataifa. Njia yake imeinama nyuzi 51.6, kwa hiyo subirini ipite juu ya Kanazi ikielekea kaskazini, kisha mruke kaskazini-mashariki. Kikiwa mbele yako, usiongeze mwendo! Ukiongeza, utapanda juu, mzunguko utakuwa mrefu, nawe utazidi kubaki nyuma. Punguza mwendo, ushuke kidogo, ndipo utakikaribia. Wengi hawaliamini jambo hili mpaka walione kwa macho yao. Mita za mwisho kisogelee kwa sentimita chache tu kwa sekunde.

Na umeme wa kwetu mnaujua, hifadhini safari kila mara. Hali ya chombo chako inaandikwa kwenye faili dogo la maandishi. Mpe faili hilo rafiki wa Muleba mwenye nyongeza zile zile, naye ataendelea toka pale pale ulipoishia.