Mji wa Assisi na makanisa yake

Assisi ni mji mdogo wa nchi ya Italia. Umejengwa ubavuni mwa mlima Subasio. Nyumba zake ni za mawe, na njia zake ni nyembamba, za kupanda na kushuka.

Zamani sana Waroma walikaa huko. Walijenga hekalu la Minerva, mungu wao wa kike. Nguzo zake sita zingali zimesimama, lakini nyuma yake sasa ni kanisa la Bikira Maria.

Kanisa la askofu ni la Mtakatifu Rufino. Wenyeji husema kwamba ndani yake Fransisko alibatizwa, na Klara vilevile. Fransisko alikuwa mtoto wa tajiri muuza nguo.

Nje ya mji palikuwa kanisa dogo la Mtakatifu Damiano, nalo lilikuwa karibu kuanguka. Siku moja Fransisko alisali humo mbele ya msalaba, akasikia Bwana akimwagiza kutengeneza nyumba yake. Basi akaenda kuomba mawe kwa watu, akayachukua mabegani, akajenga kwa mikono yake. Wengi walimcheka, lakini hakuacha.

Fransisko alikufa mwaka 1226. Mwaka 1228 Papa Gregori IX alimtangaza kuwa mtakatifu, na kanisa lake kubwa likaanza kujengwa. Ni makanisa mawili, moja juu ya lingine. Kaburi lake liko chini kabisa. Katika kanisa la juu, picha 28 ukutani zaeleza maisha yake. Hata asiyejua kusoma aweza kuyafahamu.

Tarehe 26 Septemba 1997 nchi ilitetemeka. Sehemu ya dari la kanisa la juu ikaanguka, ikaua watu wanne. Picha za darini zikavunjika vipande maelfu na maelfu. Je, mafundi walivitupa? Hapana. Waliviokota katika vumbi, wakavipanga, wakaviunganisha kimoja kimoja. Mwaka 1999 kanisa likafunguliwa tena. Picha nyingine hazikurudi nzima, lakini nyumba ilisimama.

Fransisko aliokota mawe, mafundi wakaokota vipande. Haba na haba hujaza kibaba.

Maulizo
1. Mji wa Assisi umejengwa wapi?
2. Fransisko alipata wapi mawe ya kujengea?
3. Mafundi walifanya nini baada ya dari kuanguka?