Mlinzi Asiyeijua Siri

Watu wengi hudhani kwamba neno la siri waliloandikisha katika kompyuta ya shirika huwekwa daftarini kama lilivyo, na kila warudipo daftari hufunuliwa likatazamwa. Sivyo ipasavyo kuwa. Mlinzi hodari halijui neno lako, wala hana haja ya kulijua.

Zamani ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, palikuwa na kompyuta iliyotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na maneno yao ya siri yaliwekwa wazi ndani yake. Siku moja msimamizi mmoja alikuwa akisahihisha daftari hilo, na mwenziwe akiandika tangazo la siku. Kompyuta ikachanganya kazi za wawili hao; kila aliyeingia akaonyeshwa, mahali pa tangazo, maneno ya siri ya watu wote! Wala hapakuwa na mwizi hata mmoja.

Dawa yake ilielezwa vizuri mwaka 1979 na Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs. Neno husagwa kwa hesabu hata likawa mfululizo wa herufi usiofanana nalo kabisa. Ni kama mtama: punje huwa unga, lakini unga haurudi kuwa punje. Unga huo tu ndio uwekwao. Urudipo, neno utakalotaja husagwa upya kwa hesabu ile ile, na unga ukilingana na ule uliowekwa, waingia.

Lakini mwizi naye ana akili. Aweza kusaga mapema maneno yapendwayo na watu, majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa, kisha akilipata daftari akalinganisha tu. Kwa hiyo mabwana hao walitia kitu walichokiita chumvi, yaani namba ya kubahatisha ichanganywayo na neno kabla ya kusagwa, kila mtu na yake. Chumvi yao ilikuwa ya namna 4,096. Nayo haifichwi, kazi yake ni kumlazimisha mwizi asage upya. Tena usagaji hufanywa wa polepole makusudi: aingiaye mara moja haoni kuchelewa, lakini akisiaye mara milioni huchoka. Njia iitwayo bcrypt, ya mwaka 1999, huongezewa uzito kadiri kompyuta zizidivyo mbio.

Ajabu ni kwamba, miaka 30 baada ya maelezo hayo, kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa mwezi wa Desemba 2009 maneno zaidi ya milioni 32, yote yakiwa wazi. Lililopendwa kuliko yote lilikuwa 123456.

Basi vijana wetu, mnaojiandikisha huku na huko, iko njia nyepesi ya kumpima mlinzi. Mwambieni mmelisahau neno lenu. Akiwapa nafasi ya kuweka jipya, ni dalili njema. Akiwaletea lile lile la zamani, jueni kwamba amekuwa nalo siku zote, na aliibaye daftari lake huenda akalipata pia. Neno hilo msilitumie tena penginepo, hasa benki.