Dawa Isiyonuka Ndani ya Rangi ya Maji

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hata Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, ni ada ya watu kupaka chumba rangi mpya Idi inapokaribia, au mpangaji anapotarajiwa kuhamia, kisha kulala humo usiku uleule. Na harufu ikiwakera, hufukizwa udi na ubani, kwa itikadi kwamba harufu ikishatoweka, madhara nayo yametoweka. Itikadi hiyo yafaa isahihishwe, maadamu kitu kiwashacho macho na ngozi katika rangi ya maji aghalabu hakina harufu yoyote.

Rangi hiyo ni mchanganyiko wa maji, unga wa madini na gundi ya akriliki, nao ukikaa ndani ya ndoo katika duka lenye joto huwa maskani mwafaka ya bakteria, ambao huivundisha kabla haijafika ukutani. Ili kuikinga, viwanda hutia dawa za kuhifadhi, na mashuhuri kati yake ni jamii ya isothiazolinoni. Watafiti walipopima rangi 71 kutoka nchi 5 za Ulaya, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, waliikuta methili-isothiazolinoni katika zaidi ya 9 kwa kila 10. Na tangu 2017 Umoja wa Ulaya hauiruhusu tena katika vipodozi vinavyoachwa juu ya ngozi.

Kiasi kinachotiwa ni kidogo mno, lakini ukuta ukisha kukauka dawa hiyo huendelea kutoka polepole kwa wiki kadhaa, ikachanganyika na hewa ya chumbani. Wengi hawapati taathira yoyote. Yule ambaye mwili wake umekwisha kuizoea kwa ubaya, pengine kwa sababu ya sabuni ya maji au shampuu aliyoitumia zamani, huvimba kope, uso na shingo humwiva kwa wekundu na kumwasha, na mara nyingine kifua humbana. Naye hupewa dawa za mafua au za vumbi, ilhali kila usiku hurejea kulala ndani ya kuta zilezile.

Kwa mtu wa namna hiyo iko njia ya kuivunja dawa pale pale ilipo. Nguvu ya isothiazolinoni imo katika kiungo kinachofunga salfa na naitrojeni, na kiungo hicho hakistahimili chumvi iitwayo sodiamu baisalfaiti, ambayo huishika salfa na kuifungua pete nzima ya molekuli, hata isiweze tena kuudhi mwili. Matabibu wa ngozi wa Basel, Uswisi, walieleza mwaka 2000 jinsi kuta zilizopakwa rangi zilivyotulizwa kwa chumvi hiyo. Hata hivyo siwashauri watu waijaribu kwa pupa: ikikutana na siki, ndimu au asidi nyingine hutoa hewa ya salfa inayokaba pumzi, nayo ni hatari hasa kwa mwenye pumu. Kwanza tabibu wa ngozi athibitishe mzio kwa vipimo vya kubandikwa mgongoni. Kisha fundi ajaribu mahali padogo, mgonjwa akiwa nje ya nyumba.

Kwa wasio wagonjwa, hewa yatosha: madirisha yaachwe wazi mchana kutwa kwa wiki kadhaa, na kazi ifanywe wakati wa kiangazi, kwani masika watu hufunga madirisha kwa ajili ya mvua. Nasikitika kuona nyumba nyingi mpya zikijengwa bila yale matundu ya hewa ya juu ya milango.

Lakini kwa anayejenga sasa, liko jambo bora kuliko yote hayo, nalo ni chokaa, ileile ambayo mababu waliichoma kutokana na matumbawe na kuujengea mji wa Kilwa. Ukali wake wa asili hauwaachii bakteria nafasi ya kuishi, basi haihitaji dawa ya kuihifadhi. Fundi ailinde ngozi na macho yake, aulowanishe ukuta, apake tabaka nyembamba nyembamba. Na mwenye nyumba amwambie mapema, lipu ingali tupu, kwani chokaa haishiki vema juu ya rangi ya akriliki, na kuikwangua rangi hiyo baadaye ni gharama na vumbi jingi.