Runinga yako imetoka dukani, mwanga wake je?

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, utakuta runinga zimepangwa ukutani zote zimewashwa, kila moja iking'aa kuishinda ya jirani yake. Rangi ni kali mno, hata majani yanaonekana ya kijani kuliko majani yenyewe. Hivyo ndivyo zinavyotakiwa kuwa huko. Runinga nyingi zina hali ya picha iliyotengenezwa kwa ajili ya duka, mahali penye taa nyingi na mnunuzi wa kushawishi.

Shida huanza runinga ikifika nyumbani. Fundi anaitundika, anachomeka king'amuzi, picha inatokea, kazi imekwisha. Hakuna anayefungua menyu. Usiku taa ya sebuleni inazimwa, watoto wanakaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwenye kioo, na mwanga ule wa dukani unawapiga usoni.

Macho yanafanya nini?

Kwa kawaida mtu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini, idadi hiyo hupungua sana, na macho hukauka. Ndiyo maana mtoto huyasugua, huyakunja au hulalamika kichwa kinauma. Mwanga mkali kwenye chumba cha giza huongeza uchovu huo. Hali hii haimpofushi mtoto, lakini inamsumbua, na mwanga mkali wa usiku huchelewesha usingizi.

Kuna kundi dogo la watoto ambalo hatari yake ni kubwa zaidi: wale ambao kifafa chao huamshwa na mwanga unaowaka na kuzima kwa haraka. Mzazi anaweza asijue kabisa kwamba mtoto wake ni mmoja wao.

Japani ilijifunza hilo kwa uchungu. Jioni ya Desemba 16, 1997, kipindi cha katuni za Pokémon kilionyesha kwa sekunde chache mwanga mwekundu na wa bluu ukipishana takriban mara 12 kwa sekunde. Zaidi ya watoto 600 walikimbizwa hospitalini, baadhi wakiwa na mishtuko ya kifafa, wengine kizunguzungu na kichefuchefu. Tangu hapo, vipindi vingi vya katuni nchini humo huanza kwa tangazo linalowataka watoto watazame kwenye chumba chenye mwanga na wakae mbali na runinga.

Ushauri huo unafaa hata sebuleni kwako: washa taa, sogeza mkeka nyuma, punguza makali ya picha.

Rekebisha hivi

Shika rimoti, fungua menyu, kisha tafuta sehemu ya picha, ambayo mara nyingi huandikwa 'Picture'. Ukikuta imewekwa 'Vivid' au 'Dynamic', hiyo ndiyo hali ya kung'aa. Weka 'Standard', au 'Movie' kwa usiku. Mwanzoni picha itaonekana imefifia au ina unjano kidogo. Ipe siku chache, macho yatazoea.

Kisha tafuta 'Backlight', yaani taa iliyo nyuma ya kioo, uipunguze. Kuwa mwangalifu na 'Brightness': kwenye runinga nyingi hii hubadilisha zaidi sehemu zenye giza za picha. Ukiishusha kupita kiasi, sura za watu gizani hazitaonekana, na mtoto atazidi kusogea karibu.

Huhitaji kipimo. Shika karatasi nyeupe kando ya runinga wakati picha nyeupe ikionyeshwa. Kama kioo kinaonekana kama taa na karatasi kama kitambaa kichafu, mwanga bado ni mkali.

Iwapo kila ukirekebisha mipangilio inajirudia yenyewe, huenda runinga bado iko katika hali ya maonyesho ya dukani. Ibadilishe iwe hali ya nyumbani, 'Home'.

Usiishie kwenye king'amuzi

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopitwa. Runinga nyingi hutunza mipangilio ya picha ya kila tundu kivyake. Ukipunguza mwanga wakati unatazama king'amuzi kilichochomekwa HDMI 1, mabadiliko yanaweza kubaki hapo tu. Mtoto akihamia HDMI 2 kucheza gemu, au akichomeka flashi yenye katuni, anarudi kwenye makali yale yale ya kiwandani. Na gemu ndiyo yenye milipuko na miale mingi kuliko taarifa ya habari.

Kwa hiyo bonyeza kitufe cha 'Source' au 'Input', pita kila tundu linalotumika nyumbani, na urudie marekebisho. Baadhi ya runinga hukuruhusu kuyaweka kwa matundu yote kwa mara moja.

Muda nao ni dawa

Mipangilio mizuri haifuti saa nyingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kwa wakubwa, kila dakika 20 waangalie kitu cha mbali kwa sekunde 20. Zima runinga walau saa moja kabla ya kulala.

Mtoto anayeendelea kusogelea runinga hata baada ya kuambiwa, huenda haoni mbali. Mpeleke apimwe macho kabla ya kumwita mtukutu.

Miale ikimletea kizunguzungu, mzibe jicho moja kwa kiganja na umgeuze. Akipata mshtuko, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na uangalie saa. Ukizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Hata ukiisha mapema, kama ni mara yake ya kwanza, lazima aonwe na daktari. Kifafa ni ugonjwa na kina dawa. Mweleze daktari mtoto alikuwa akitazama nini.