Uso wa Bibi Usipotee Gizani

Miaka michache iliyopita nilialikwa arusini katika kijiji kimoja upande wa Iringa. Saa saba mchana bibi yake bwana arusi aliniita: "Mjukuu wangu, nami nipige picha." Nikamsimamisha mbele ya ukuta mweupe, nikapiga upesi kwa simu, nikaenda kula pilau. Haukupita muda mrefu bibi yule akafariki. Wanawe walikuja kwangu kuiomba picha ile, maana hakuwa na nyingine. Ukuta ulionekana vizuri, na kitenge chake kadhalika; uso ulikuwa doa jeusi. Niliona haya kuwapa.

Wasomaji wapenzi, kosa halikuwa la bibi wala la simu. Adhuhuri jua liko juu sana. Huku kwetu Mbeya na Iringa, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, hupita utosini kabisa. Nuru yake huangukia paji la uso na pua, macho yakabaki kivulini. Tena ukuta mweupe huidanganya kamera: hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na uso wenye rangi yetu ukazama gizani.

Dawa yake si vyombo vya ghali. Seydou Keïta wa Bamako, nchi ya Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Picha zake nyingi alizipiga uani kwa nuru ya jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa kitandiko cha kitanda chake mwenyewe. Hata hivyo sifa zake zilifika Ulaya na Marekani.

Basi, fanya hivi. Omba boksi kubwa dukani, ukate kipande cha urefu wa sentimeta 80 na upana wa sentimeta 60. Pika uji mzito wa unga wa ngano uwe gundi, ubandike kitambaa cheupe upande mmoja. Upande wa pili bandika karatasi ya alumini ya kufungia chakula; ila kwanza ikunjekunje mkononi, kisha uikunjue, ili nuru itawanyike isimchome mtu machoni.

Mketishe mtu mlangoni au chini ya upenu, nuru ya nje ikimpata upande mmoja wa uso. Mtoto ashike ubao upande wa pili wenye giza, augeuze polepole mpaka uone macho yamepata nuru. Ubao wenyewe usionekane pichani.

Usiku, kaza shuka nyeupe kwenye fremu ya mianzi, uiweke kati ya taa na mtu. Taa ikae hatua moja nyuma ya shuka. Usiiweke mbali na mtu: umbali ukiwa mara mbili, nuru hubaki robo tu. Lakini angalia! Tumia balbu ya LED au taa ya sola. Kandili, kibatari na balbu za zamani zenye joto kali visikaribie nguo kamwe.

Uso wa bibi yule siwezi kuurudisha. Ila sasa ubao wangu hukaa nyuma ya mlango wa ofisi ya parokia, na kila mzee ajaye kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake, namketisha mlangoni dakika mbili. Nanyi msingoje arusi. Jumapili hii mketisheni babu upenuni.