Zebaki Iliyomeza Sodiamu

Nimeombwa niandike juu ya jambo lolote la sayansi, nami nimechagua chupa moja. Chupa hiyo nilikutana nayo mwaka jana katika shule ninayofundisha sasa, hapa hapa Uganda, siku tulipoambiwa tutoe vitu vyote katika ghala ya maabara ili chumba kipakwe rangi.

Mvulana mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyeitoa kwenye rafu ya nyuma kabisa. Ilikuwa ndogo, lakini nzito ajabu. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na mende, hata neno moja halikusomeka. Ndani mlikuwa na donge la rangi ya kijivu, na juu yake unga mweupe. Yule mvulana alidhani ni risasi, akaenda kuliosha mferejini apate kuona rangi yake. Mara akaja mbio, chupa mkononi, akasema, "Mwalimu, hii risasi inapumua!"

Kweli ilikuwa inapumua. Viputo vidogo vilipanda majini kimoja kimoja, bila haraka. Nikamwambia aiweke chini polepole, na mwenzake nikamtuma akazime jiko ambalo mwalimu mmoja alikuwa akichemshia chai chumba cha pili. Mwalimu huyo alikuwa mimi.

Lile donge lilikuwa amalgamu ya sodiamu. Amalgamu ni mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine. Zebaki, kama mjuavyo, ni metali iliyo maji maji. Haigandi mpaka baridi ifike digrii 39 chini ya sifuri, na uzito wake ni mara 13 na nusu ya uzito wa maji. Ukiijaza katika chupa ya soda ya mililita 300, utakuwa umebeba kilo 4, na kitako cha chupa huenda kikabaki mezani. Zebaki hupenda kumeza metali nyingine: dhahabu, fedha, bati, shaba. Chuma haikimezi, ndiyo maana wafanyabiashara huisafirisha katika chupa za chuma.

Sodiamu ni tabia nyingine kabisa. Sir Humphry Davy aliipata mara ya kwanza mwaka 1807, kwa kupitisha umeme katika kostiki soda. Ni laini, waikata kwa kisu kama sabuni ya mche, na huelea majini. Haiwezi kukaa hewani, huwekwa ndani ya mafuta. Ukiitupa majini hukimbia huku na huku, ikilia na kuyeyuka, na pengine hulipuka.

Sasa watu hawa wawili wakikutana, harusi yao ina kelele. Nilipokuwa mwanafunzi mwalimu wetu alitufanyia jambo hili siku moja, yeye nyuma ya kioo cha kabati la kutolea moshi, sisi mbali ukutani. Alichovya kipande cha sodiamu kisichozidi punje ya mahindi katika zebaki. Tukaona mmweko, tukasikia mlio kama wa mafuta yanayorukia moto. Akangoja kabisa, ndipo akatia kipande cha pili. Vingetiwa vyote pamoja, zebaki ingechemka na kuruka. Si kazi ya mwanafunzi, wala si kazi ya mwalimu asiye na kabati kama lile.

Lakini baada ya kelele zile huja utulivu, na hapo ndipo penye ajabu. Ikiwa sodiamu ni kidogo sana, chini ya nusu ya sehemu moja katika mia, amalgamu hubaki maji maji. Ikifika asilimia moja na zaidi kidogo, huwa kama uji mzito. Ikifika mbili au tatu huwa ngumu, yaweza kusagwa kwa mchi. Kiungo kimoja cha metali hizi mbili hakiyeyuki mpaka karibu digrii 350, ingawa sodiamu peke yake huyeyuka kwa digrii 98, na zebaki imeyeyuka tayari!

Na kwa nini ipumue polepole majini badala ya kukimbia na kulia? Sababu ni mbili. Ya kwanza, sodiamu imetawanyika. Katika amalgamu ya asilimia mbili kwa uzito, kama atomi 15 tu katika kila 100 ni za sodiamu, na hizo hufika juu kwa zamu. Ya pili ni tabia ya zebaki yenyewe: haidrojeni hutoka kwa shida sana juu ya uso wake. Gusisha kipande cha chuma au cha grafaiti katika amalgamu iliyo majini, na viputo vitaongezeka papo hapo, kwa kuwa haidrojeni imepata mlango mwingine wa kutokea. Mwisho wa yote hubaki vitu vitatu: haidrojeni iliyokwenda zake, kostiki soda ndani ya maji, na zebaki chini, safi kama ilivyokuwa.

Juu ya jambo hilo dogo la mlango ilijengwa kazi kubwa ya viwanda. Hamilton Castner, Mmarekani aliyefanya kazi Uingereza, alikuwa akitengeneza sodiamu kwa ajili ya kupata aluminiamu. Mwaka 1886 ikavumbuliwa njia ya umeme ya kupata aluminiamu bila sodiamu, biashara yake ikaanguka. Hakukata tamaa. Alitafuta njia ya kupata kostiki soda safi, na mwaka 1892 akachukua hati ya uvumbuzi wake: maji ya chumvi huwekwa juu ya zebaki, umeme ukapita, klorini ikatoka upande mmoja na sodiamu ikamezwa na zebaki upande wa pili. Amalgamu hiyo ikahamia chumba chenye maji matupu, ikaacha sodiamu yake huko, zebaki ikarudi kazini. Tangi lake la kwanza liliyumbishwa polepole kama mama abembelezavyo mtoto. Karl Kellner wa Austria alikuwa amefikia wazo lile lile, wakapatana, na mwaka 1897 kiwanda kikaanza kazi Runcorn, Uingereza. Kwa miaka mingi sabuni, karatasi na dawa za kusafisha maji duniani zilitegemea sana njia hii.

Wataalamu wa kemia nao waliipenda, kwa kuwa hutoa nguvu ya sodiamu kwa kipimo. Emil Fischer, Mjerumani aliyechunguza maumbo ya sukari hata akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1902, aliitumia kugeuza asidi za sukari ziwe sukari tena. Na hata wewe umepita chini yake usiku. Zile taa za barabarani zenye mwanga wa rangi ya chungwa, ambazo sasa zinaondolewa katika miji mingi, nyingi zao zina chembe ya amalgamu ya sodiamu ndani. Kwa hiyo watoto wasichezee taa iliyoanguka.

Narudi kwenye chupa yangu. Nimekwambieni kwamba mmweko na viputo ndivyo vinavyotutisha, na yafaa kuviogopa: amalgamu yenye gramu 10 za sodiamu hutoa zaidi ya lita 5 za haidrojeni, na haidrojeni ikikutana na moto hulipuka. Kostiki nayo huunguza macho na ngozi. Lakini hayo hujitangaza. Sodiamu ikiisha, hatari yake imekwisha. Zebaki haiishi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, nayo huutoa hata katika joto la kawaida la chumba. Mtu akiuvuta siku nyingi mikono hutetemeka, ufizi huuma, hukasirika upesi, husahau, na figo huharibika. Ikifika mitoni, vijidudu huigeuza kuwa sumu iliyo mbaya zaidi, nayo huingia katika samaki. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulikomesha viwanda vya zebaki vya namna ya Castner mwisho wa mwaka 2017, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa viwanda hivyo. Kwetu hapa, Busia, wachimbaji wadogo wa dhahabu huchoma amalgamu kwenye vikaango, na moshi wake huwafikia watoto waliokaa karibu. Ni amalgamu ya dhahabu ile, lakini zebaki ni ile ile.

Basi nilifanya hivi. Niliitoa chupa nje, mahali penye upepo, mbali na moto wote. Nilivaa miwani na glavu, nikatoa pete yangu, maana zebaki haiulizi pete ni ya nani. Nikalitia donge katika ndoo ya plastiki yenye maji baridi mengi, sikufunika. Lilipumua siku mbili. Siku ya tatu lilikuwa tone kubwa la kung'aa. Maji yale sikuyamwaga, kwa kuwa yalikuwa na kostiki na mabaki ya zebaki. Niliyatia katika dumu lenye jina lake. Zebaki niliitia katika chupa nene ya plastiki, maji kidogo juu yake ili kuzuia mvuke.

Kule kwenye sinki matone machache yalikuwa yamedondoka sakafuni. Mvulana wangu alikuwa ameshika ufagio tayari. Nikamzuia: ufagio huvunja tone moja likawa mia. Tulifungua madirisha, tukawatoa wengine nje, tukayasukuma matone kwa kadi mbili mpaka yakakutana, tukayanyonya kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Katika nyufa tulinyunyiza unga wa kiberiti. Kisha tulifungua kiwiko cha bomba chini ya sinki, na humo tulikuta zebaki ya watu waliotutangulia, zaidi ya ile yetu.

Wenzangu mnaofundisha, tazameni rafu za nyuma. Chupa yoyote iliyo nzito kuliko ukubwa wake, isiyo na jina, msiitikise wala msiioshe.

Ile yangu ingali katika kabati la chuma, imefungwa, jina na tarehe juu yake. Nimeandika barua mbili kuomba ichukuliwe na wanaojua kuihifadhi. Yule mvulana huja kila Ijumaa kuniuliza kama jibu limefika.