Je, Wajua? Office ya Dukani na Ile ya Bure

Je, wajua kwamba boksi la Office unalouziwa dukani siku hizi mara nyingi halina hata sidii? Mna kadi yenye msimbo wa herufi na tarakimu 25, basi. Umenunua ruhusa, programu yenyewe utaipakua kwa bando lako.

Je, wajua kwamba usipolipia tena Microsoft 365, programu iliyo kwenye kompyuta yako itakuruhusu kusoma hati zako lakini si kuzihariri?

Je, wajua kwamba LibreOffice, ile ya bure, chimbuko lake ni kazi ya kijana wa Kijerumani? Marco Börries alianzisha kampuni ya Star Division, watengenezaji wa programu ya StarWriter, katikati ya miaka ya 1980, hajafika hata miaka 20. Sun Microsystems waliinunua mwaka 1999, na mwaka 2000 wakaweka msimbo wake wazi kwa jina la OpenOffice.org. Oracle walipoimeza Sun mwaka 2010, wengi wa watengenezaji walijitenga. Hapo ndipo LibreOffice ilipozaliwa.

Je, wajua kwamba OpenOffice.org, mtangulizi wa LibreOffice, ilishavaa Kiswahili? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Jina zuri kuliko yote yaliyofuata, ukiniuliza mimi.

Je, wajua kwa nini CV yako ya ukurasa mmoja humwagikia wa pili ukiifungua steshenari? Mara nyingi kosa ni la fonti. Calibri ni ya Microsoft. LibreOffice huweka Carlito, yenye herufi za upana uleule. Zote mbili zikikosekana, mistari husukumana, nawe unabaki kufuta nafasi mojamoja huku foleni ikiguna nyuma yako. Hifadhi kwa PDF kabla hujatoka nyumbani.

Je, wajua kwamba hata ya bure huuzwa? Mwaka 2022 LibreOffice iliingia duka la Apple kwa euro 8.99, ingawa kwenye tovuti yake haina bei. Leseni inaruhusu kabisa.

Je, wajua kwamba jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, liliamua mwaka 2024 kuhamishia LibreOffice kompyuta zipatazo 30,000?

Je, wajua kwamba faili la .docx au .odt ni furushi la zip? Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, lifungue. Picha zako zimo, kila moja peke yake.